Petroli Yenye Ethanoli na Mashine Iliyolala Stoo

SWALI: Mhariri, gari langu linatumia petroli iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10 na halijanisumbua hata siku moja. Lakini msumeno wangu wa injini, ambao niliujaza petroli hiyo hiyo na kuuweka stoo kwa miezi 5, sasa hauwaki, na fundi aliyeufungua anasema ethanoli ndiyo iliyouharibu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako hakukosea, ingawa mimi ningeilaumu zaidi ile miezi 5 kuliko ethanoli yenyewe.

Ethanoli ni alkoholi inayonyonya maji, hata unyevu ulio hewani. Gari linalotembea kila siku humaliza petroli kabla unyevu huo haujaleta madhara, na kompyuta ya injini yake hurekebisha kiasi cha mafuta. Hasara yake ni ndogo: kwa kuwa lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko lita ya petroli, gari litakula mafuta zaidi kwa asilimia 3 hivi.

Kwenye msumeno mambo ni tofauti. Ethanoli huweza kuyashikilia maji ndani ya petroli hadi takriban nusu ya asilimia moja tu. Yakizidi hapo, huiacha petroli na kuzama pamoja na maji hayo chini ya tangi, pale pale mpira wa kuvutia mafuta unapolala. Kwa injini ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa kwenye petroli, hatari huwa kubwa zaidi, kwa sababu oili hubaki juu na petroli, na injini ikivuta kile kilichozama, pistoni husuguana na silinda bila kulainishwa. Ndiyo maana nakusihi usiendelee kuvuta kamba ukitumaini utawaka.

Mimina mafuta hayo kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Ukiona mstari unaogawa tabaka mbili, yamekwisha kuharibika. Hakuna dawa ya kuhifadhi petroli itakayoyarudisha, na kuongeza petroli mpya juu yake hakusaidii. Yapeleke yanakopokelewa mafuta machafu, usiyamwage ardhini. Kisha mwombe fundi akague mipira na kiwambo cha kabureta, maana ethanoli hukausha na kupasua mipira ya zamani.

Watengenezaji wengi wa injini ndogo huruhusu ethanoli isiyozidi asilimia 10, kwa hiyo mchanganyiko wa asilimia 15 usiutie kabisa, hata kama gari lako linaukubali. Siku utakapouweka tena msumeno stoo, mwaga petroli yote, kisha uwashe na kuuacha uungurume mpaka uzime wenyewe, ili hata tone lililobaki ndani ya kabureta liungue.