Mzazi anataka kujua darasani kunaendaje, sio kuitiwa michango na kesi tu (jibu kwa mwalimu wa la pili)

Mleta mada umeuliza darasa lako la pili la watoto tisini na kitu, shule ya serikali, uwafungulie wazazi grupu la WhatsApp au uache mana wenzako ofisini wamekutisha kwamba utajuta, alafu ukauliza ukishalifungua uwe unawaambia nini hasa. Mimi niko madarasa ya chini muda mrefu sasa, la kwanza na la pili, shule za serikali huku mkoa wa Morogoro, na hili jambo nimelifanya kwa daftari, kwa meseji za kawaida, kwa grupu na kwa kukutana nao gulioni. Ngoja nikupe kwa kirefu, utachukua kinachokufaa.

Grupu fungua, ila lisiwe ndo kitu cha kwanza. Kwanza angalia sisi walimu huwa tunamtafuta mzazi lini. Kwa kweli ni mara mbili tu, kuna pesa inatakiwa au mtoto kafanya kesi. Ndo mana ukimpigia mzazi saa nne asubuhi anapokea anahema, "mwalimu kuna nini, kafanya nini tena?" Na akishazoea hivo hata ukimtumia jambo zuri halisomi, akiona jina lako anaiacha meseji mpaka kesho kutwa. Afu tunakaa staff tunalalamika wazazi wa siku hizi hawajali watoto. Wanajali mno, ila hakuna mtu amewahi kuwaambia mle ndani ya darasa kunatokea nini kuanzia asubuhi mpaka mtoto anaruhusiwa.

Na mtoto hatamwambia. Muulize mtoto wa la pili "leo mmesoma nini" atakujibu "hatujasoma", na wala hadanganyi, ashaona mpira nje basi shule yote imemtoka kichwani. Kwaiyo kazi yako kubwa sio kumpa mzazi ripoti, ni kumpa swali la kumuuliza mtoto. Kuna wiki tulikuwa kwenye mada ya kupima urefu, nikawatoa nje na kamba ya katani wapime uwanja kwa hatua, mmoja anahesabu mwenzake anashika kamba, wakagombana kweli mana mwenye miguu mirefu kapata hatua chache na mwenye miguu mifupi kapata nyingi, kila mmoja anasema mwenzake kaiba. Jioni nikawatumia wazazi hivi: "Muulizeni mtoto kwanini leo tuligombana uwanjani, na nani alikuwa sahihi." Basi. Kesho yake mama mmoja muuza mbogamboga ananisimamisha njiani anacheka, anasema mtoto kapima chumba, kapima uchochoro mpaka kwa jirani, na baba yake kalazimishwa kupima na yeye. Mzazi yule nikimwambia mambo ya umahiri mahususi sijui shughuli za ujifunzaji angenielewa? Hayo ni ya andalio la somo, yabaki huko kwa mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule.

Sasa njia. Mimi naanza na daftari, na najua ukisikia daftari unasema watoto tisini naandika saa ngapi. Huandiki wewe. Ijumaa kipindi cha kuandika mistari mitatu inakuwa ubaoni, wanainakili wenyewe, hilo ndo zoezi lao la siku hiyo na ndo barua ya nyumbani. Daftari moja la kurasa 40 nalikata katikati kwa wembe wanapata watoto wawili, gharama haiumi. Ubaoni naandika kitu kama: "Tumesoma maneno ya mb, nd na ng. Mama, nitajie maneno nikuandikie. Jumatatu nije na vizibo kumi." Mzazi anapata habari na hapohapo anaona mwandiko wa mwanae, anaona karuka herufi, anaona kaandika "mbuzi" bila m. Yule ambaye hajaweza kunakili kabisa, daftari lake lenyewe linasema, na huyo ndo unamwandikia wewe kwa mkono wako maneno mawili ya upole. Hawazidi kumi darasani, unawamaliza wakati wengine wanakunywa uji.

Ila pale angalia kauli. Usimwandikie mzazi "mtoto mzito", "mtoto haelewi", hiyo haimsaidii, itamletea mtoto fimbo tu. Andika anachoweza na kinachofuata: "Silabi za herufi mbili anasoma zote, za herufi tatu bado, msomesheni nya, nye, nyi." Mzazi hata wa darasa la saba la zamani anajua la kufanya hapo.

Alafu kuna kitu wazazi wengi wanadanganyika nacho na ni wajibu wako kuwaambia mapema, mtoto anakariri ukurasa. Anakuja nyumbani anasoma kitabu kama maji, baba anafurahi anamnunulia soda, kumbe wimbo ule kausikia darasani mara hamsini na picha inamsaidia. Waambie wafunike picha kwa kiganja, waanze kumuuliza neno la mwisho la mstari kurudi nyuma. Nilipowaambia hivo kwenye kikao cha Januari nikaona watu wanatazamana. Jumatatu walikuja akina mama wanaulizia chati ya silabi, wengine kwa mara ya kwanza wamevuka geti la shule bila kuitwa.

Kuhusu kikao na wenyewe, usifanyie chini ya mwembe, fanyia darasani. Wakae kwenye madawati ya watoto, watano wamebanana, waone ukuta umebandikwa nini na ubao ukiwa nyuma kule unasomekaje. Kuna baba nilimweka dawati la mwisho anakokaa mwanae, akasema mwalimu mimi herufi hizo sizioni. Tukagundua mtoto hana uzembe wowote, macho ni ya kurithi, akapelekwa hospitali ya wilaya akapimwa. Na usiweke kikao siku ya gulio wala kipindi cha palizi, utaongea na mwenyekiti wa kamati ya shule peke yake.

Haya, WhatsApp. Kwanza mwambie mwalimu mkuu na mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, wasije wakasikia mtaani una grupu lako. Pili weka admini pekee ndo wanatuma. Najua wengine humu watanipinga watasema hiyo ni udikteta na mzazi anyimwe kuongea, lakini grupu la wazazi tisini likiachwa wazi, ndani ya wiki mbili ni maombi ya asubuhi, matangazo ya vitenge, video za ajabu, na msimu wa uchaguzi ndo usiseme. Meseji yako ya darasa inazama chini ya mamia. Mwenye la kusema anitumie inboksi, na ninajibu mpaka saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo kesho. Nilisema hivo siku ya kwanza mbele ya wote na hakuna aliyenuna.

Mchango usiuingize mle hata siku moja. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 mzazi ana sikio kali sana na neno mchango, na sio kosa lake. Uji, mlinzi, mitihani ya kujipima, yote hayo yana mlango wake, kamati ya shule na kikao cha wazazi wote. Ukichanganya, grupu la darasa linageuka kuwa daftari la madeni, na wanaodaiwa ndo wanaotoka wa kwanza, na mara nyingi hao ndo wazazi uliokuwa unawahitaji zaidi. Mimi nikitaka kitu naomba vitu, vizibo vya soda, mabua, maboksi. Mama ntilie wa stendi aliniletea vizibo mfuko mzima wa sandarusi, mpaka leo tunahesabia hivohivo, na yule mama anajiona ana hisa kwenye darasa.

Matokeo ya darasa zima usiyabandike mle. NECTA wenyewe, Baraza la Mitihani, mwaka 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, sasa wewe unapanga wa kwanza mpaka wa tisini na tatu wa 2B kwenye grupu la mtaa ambako watu wanachota maji bomba moja? Mtoto wa mwisho atatajwa bombani kabla hajafika nyumbani. Kila mzazi apewe ya kwake.

Na picha. Hapa naomba usome taratibu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto na jina lake ni taarifa binafsi, sio mali ya mwalimu. Tuache hata sheria, kuna wazazi wameachana kwa ugomvi na mmoja hataki mwenzie ajue mtoto anasoma wapi, wewe hujui, unarusha picha na kibao cha shule kinaonekana nyuma. Na ile tabia ya kurekodi mtoto anashindwa kusoma watu wacheke, nimeona mwalimu mmoja kairusha stetasi, ikasambaa, mtoto akagoma kuja shule, mama yake akaja analia. Mimi napiga daftari, ubao, mikono inapanga vizibo, hakuna uso hakuna jina. Vile vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022 vinapiga picha nzuri tu za daftari. Kama kuna sherehe na lazima sura zionekane, omba ruhusa kwa maandishi kwanza na aliyekataa umheshimu.

Lakini kilichonishangaza kuliko picha zote ni sauti. Siku moja nilirekodi darasa zima wanaimba shairi la silabi, nusu dakika hivi, sauti tupu. Baba wa mtoto mmoja ni dereva wa malori, muda huo yuko Tunduma kwenye foleni ya mpakani, akanirudishia voisi, nasikia injini na watu nyuma, anasema "mwalimu nimemsikia wangu, ni yule anayemaliza wa mwisho peke yake wenzake wameshanyamaza, nimewasikilizisha madereva wenzangu hapa." Na kweli ni yule. Baba huyo tangu Januari alikuwa hajawahi kujibu chochote. Voisi inamsaidia pia asiyesoma vizuri, na wapo wengi kuliko tunavyodhani, wanaona aibu kusema. Ila iwe fupi, ukimpelekea mtu voisi ya dakika tano unamalizia bando lake.

Wasio na simu janja ndo wengi kwangu. Hao nawatumia meseji ya kawaida mara moja kwa wiki, maneno yaleyale ya grupu bila kupunguza, wasijione ni wazazi wa daraja la pili. Na wapo akina bibi, mana watoto wengi huku wazazi wako Dar wanahangaika, mtoto kaachwa kwa bibi mwenye kitochi ambacho hata meseji hafungui. Kwa bibi natafuta kaka au dada wa mtoto yuko la tano au la sita hapohapo shuleni, huyo ndo msomaji wa daftari nyumbani. Na bibi usimdharau kwenye hesabu. Kuna bibi anauza karanga za mafungu, nilimwomba tu kwamba mjukuu asiondoke gengeni kabla hajataja chenji kwa mdomo. Mtoto yule kujumlisha na kutoa hajanisumbua tena, kinachomsumbua ni kuandika namba 6 na 9 anazigeuza.

Umeuliza pia kuhusu mzazi mkorofi anayekuja amefura kwa alichosikia kutoka kwa mtoto. Huyo usijibizane naye kwenye simu wala usimtumie skrinishoti mwalimu mwenzako. Mwite darasani, mpe kiti, mfungulie madaftari ya mtoto mkae myaangalie pamoja, mtoto akiwepo. Hasira nyingi zinaishia kwenye ukurasa wa tatu. Zisipoishia hapo, mwalimu mkuu yupo.

Muda nao usiogope, ukishazoea ni nusu saa Ijumaa basi. Anza na daftari mwezi wa kwanza, fanya kikao, alafu grupu, kwa mpangilio huo. Meseji zangu za muhula uliopita ziko kwenye simu nyingine kioo kimekufa, fundi akinirudishia ntaziweka hapahapa uone zilivyokuwa, utabadilisha silabi tu.