Fistula ya ugonjwa wa Crohn: usaha utoke kwanza, ndipo dawa zifuate

Kijipu kando ya njia ya haja kubwa kinavimba, kinapasuka, kinatoa usaha, kinakauka, kisha kinarudi palepale. Wengi huambiwa ni bawasiri na kupewa dawa ya kupaka. Lakini bawasiri kwa kawaida huleta damu, si usaha. Kijipu cha aina hii kikiandamana na kuharisha kwa wiki nyingi, tumbo kuuma au kukonda, omba uchunguzwe ugonjwa wa Crohn, yaani ugonjwa sugu unaofanya utumbo uvimbe na kutoka vidonda.

Crohn hushambulia ukuta wa utumbo kwa unene wake wote, kwa hiyo kidonda kinaweza kutoboa hadi upande wa pili na kufungua njia isiyostahili kuwepo, ndiyo fistula. Njia hiyo ikiishia kwenye kibofu, mkojo hutoka na mapovu ya hewa au chembe za kinyesi, na UTI haiishi. Ikiishia ukeni, upepo au kinyesi hupita huko. Dada zangu, lisemeni hili bila haya, kwani daktari asipoambiwa huenda asiulize.

Kipimo kinachoonyesha njia inapopita na usaha ulikojificha ni MRI ya nyonga, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Daktari wa upasuaji naye hukagua mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, na kamera ya utumbo mpana huonyesha kama sehemu ya mwisho ya utumbo ina vidonda. Kwetu Afrika Mashariki, vinyama vinavyochukuliwa utumboni vipimwe pia TB, kwa sababu TB ya utumbo hufanana mno na Crohn, nayo huweza kuleta fistula.

Matibabu yana mpangilio, na kuuvuruga ndiko kunakoumiza watu. Kwanza jipu lipasuliwe usaha utoke. Kisha huwekwa setoni: uzi laini au mpira mwembamba unaoingia kwenye tundu la nje, unapita ndani ya fistula, unatokea njia ya haja kubwa na kufungwa kwa ulegevu. Kazi yake ni kuzuia tundu la nje lisizibe huku ndani kuna usaha. Uzi huo unaweza kukaa miezi. Usiuvute wala kuukata. Fundo likifunguka, rudi hospitali. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya choo, kausha kwa kugusagusa, weka gozi (kitambaa cha kidonda) safi. Usitie dawa kali za kuua vijidudu, zinachoma ngozi. Jihadhari pia na ahadi ya kukata fistula yote mara moja: ikiwa imepita juu kwenye msuli unaobana haja, unaweza kubaki huwezi kujizuia haja.

Antibiotiki za metronidazo na siprofloksasini hupunguza usaha, ila zikiachwa mara nyingi hali hurudi. Ukihisi ganzi miguuni ukitumia metronidazo, mwambie daktari upesi. Prednisoloni, dawa ya steroidi, haifungi fistula, na inaweza kuchochea maambukizi.

Dawa yenye ushahidi mzuri zaidi ni infliximab, inayotuliza kinga ya mwili, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 300, yaani vichupa vitatu vya miligramu 100. Dozi ya pili hufuata baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6 tangu kuanza, kisha kila wiki 8. Kabla ya dozi ya kwanza pimwa TB, homa ya ini B na VVU, na usaha uwe umeshatolewa. TB iliyolala huweza kuamka. Ulizia infliximab za kampuni nyingine zilizothibitishwa, mara nyingi bei yake ni nafuu. Panga bima au fedha za mwaka mzima kabla ya kuanza, maana kuacha na kurudia huweza kuufanya mwili utengeneze kinga dhidi ya dawa: inaacha kufanya kazi, au dripu inaleta mzio.

Sigara iachwe. Tundu la nje likikauka, ndani njia inaweza kuwa bado wazi, hivyo MRI irudiwe kabla ya kufikiria kusimamisha dawa. Na fistula ya miaka mingi ikianza kuuma kwa namna mpya, kutoa damu au kuota kinyama kigumu, ichukuliwe sampuli kupima saratani.