Maswali ya Wasomaji: Yoga Wakati Unatibiwa Sonona

SWALI: Daktari aliniambia nina sonona ya wastani, ile wengi tunaiita depresheni, na nimemeza sertralini kwa wiki tano sasa. Usingizi umeanza kurudi lakini mwili bado mzito kama gunia la maharagwe. Dada yangu anasisitiza niache dawa nifanye yoga. Nifuate lipi? — Mama wa wawili, Umoja

JIBU: Mama, fanya yoga, na dawa endelea nayo. Sertralini huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kushika vizuri, kwa hiyo ungeiacha sasa ungekuwa unaiacha mlangoni. Ukiikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za bure na hisia ya kupigwa na stima kichwani. Siku ya kuipunguza ikifika, aliyekuandikia ndiye atakayekupangia.

Hata hivyo dada yako hakukosea kuitaja yoga. Mwongozo wa matibabu wa Kanada wa 2016 unaiweka kama nyongeza kwa sonona isiyo kali na ya wastani, pamoja na matibabu ya kawaida. Utafiti uliofanywa Boston na kuchapishwa 2017 ulifuata watu kwa wiki 12: vipindi vya dakika 90, mara mbili au tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nyumbani na kupumua mara tano tu kwa dakika. Makundi yote mawili, la mara mbili na la mara tatu, yalipata nafuu. Kasoro yake ni kwamba hakukuwa na kundi lisilofanya yoga la kulinganisha nalo, ndiyo maana hatukuahidi muujiza.

Wiki ya kwanza fanya dakika kumi, siku tatu, saa ileile. Tunasisitiza uchache huu kwa sababu kosa tunaloliona zaidi ni mtu kuanza na saa nzima kila siku, kushindwa siku ya nne, kisha kujilaumu. Kujilaumu ni chakula cha sonona. Mwili ukizoea, ongeza hadi dakika ishirini.

Anza na pumzi. Lala chali, magoti yamekunjwa, leso iliyokunjwa chini ya kichwa, kiganja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi nne, dakika tano. Kufikia wiki ya tatu, hesabu sita kuvuta na sita kutoa. Hapo utakuwa umefika pumzi tano kwa dakika. Kiganja ndicho kipimo chako: kinapaswa kuinuka kidogo kabla kifua hakijatikisika. Vidole vikianza kuwasha au kichwa kuwa chepesi, unavuta hewa nyingi mno na kutoa kabondayoksaidi kupita kiasi. Punguza ukubwa wa pumzi, mwendo uache polepole vilevile.

Kisha piga magoti na kuweka viganja sakafuni, viganja chini ya mabega, blanketi chini ya magoti kama sakafu ni ya simiti. Ukivuta pumzi, legeza tumbo na kuinua kifua. Ukitoa, kunja mgongo kama paka aliyetishwa. Mara nane. Halafu daraja: lala chali, nyayo zikiachana upana wa nyonga, visigino karibu kiasi cha kuguswa na ncha za vidole vya mikono. Inua nyonga, kaa pumzi tano, shuka taratibu, rudia mara tatu. Usigeuze kichwa ukiwa juu, shingo inabeba uzito.

Malizia kwa miguu ukutani, dakika tano. Kaa ubavu ukigusa ukuta, kisha zungusha miguu juu huku ukilaza mgongo. Ruka hatua hii ukiwa na presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa presha ya macho, au ujauzito uliokua.

Mapumziko ya mwisho ndiyo huwatesa wenye sonona. Mwalimu akisema mfumbe macho dakika kumi, mawazo yaleyale huanza kutafunwa upya. Lala kwa ubavu, macho wazi, tazama kona moja ya chumba, dakika tatu zatosha. Ukiinuka, kaa dakika moja kwanza. Baadhi ya dawa za sonona, hasa amitriptilini, hushusha presha ukisimama ghafla, na wapo walioanguka.

SWALI: Pasta wetu anasema yoga ni ibada ya miungu. Nifanyeje? — Kijana, Kasarani

JIBU: Ndugu, yoga imetoka India na kweli ina upande wa ibada. Mikao na pumzi tulizoeleza hapo juu hazihitaji wimbo wala sanamu yoyote. Kama dhamiri bado inakusumbua, usiilazimishe: kutembea kwa kasi dakika thelathini msitu wa Karura au bustani ya Arboretum hapa Nairobi, siku nyingi za wiki, nako kunasaidia sonona.

SWALI: Mume wangu hushinda kitandani wiki nzima, kisha siku zingine halali kabisa, anaongea kasi na kukopa pesa ovyo. Kwenye jimu anafundishwa kupumua haraka haraka katika chumba cha joto. Ni sawa? — Mke, Lang'ata

JIBU: La, mama. Hizo siku za kutolala zinatia shaka ya baipola, ugonjwa wa hisia kushuka sana kisha kupanda kupita kiasi, na pumzi za kasi zinaweza kumpandisha zaidi. Asimamishe zoezi hilo na aonwe na daktari wa akili, hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, au kliniki ya akili ya hospitali iliyo karibu nanyi. Mweleze daktari siku zote mbili, za kulala na za kutolala, maana dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu. Akiandikiwa lithiamu, dawa ya baipola, chumba cha joto kiwe mwiko: jasho jingi likitoka, lithiamu hupanda damuni hadi kuwa sumu, na dalili zake ni mikono kutetemeka, kuharisha na kuyumba.

Akianza kusema heri afe, usimwache peke yake. Ondoa dawa za wadudu na vidonge vyote nyumbani, na upige 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.