Mnanaa upande ndani ya ndoo, na ndoo uizike

Kama una kiwanja kidogo nyuma ya nyumba na unataka nanaa ya chai isikukose, panda mnanaa. Ni mmea usio na madai mengi. Ila usiuache huru kwenye tuta moja na mchicha au bamia. Mimi nalima Tanga, na hata kwenye joto la huku, penye maji ya kutosha masika moja inatosha kuufikisha tuta la pili.

Mambo yote yako chini. Mnanaa hutambaza vishina vyeupe, vingine juu ya ardhi na vingine chini kidogo ya udongo, na kila pingili inaweza kutoa mizizi na chipukizi. Ndiyo maana jembe halifai hapo. Ukiulima mnanaa kwa jembe unakatakata vishina, na kila kipande chenye pingili kinaota upya. Umeusaidia kuenea.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20, hata iliyokatika mkono. Toboa matundu chini, chimba shimo, izike, lakini ukingo ubaki juu ya ardhi kama sentimita 5. Huo ukingo ndio ulinzi wenyewe. Ukiufunika kwa udongo au matandazo, vishina vitapita juu yake na kazi yako imeharibika, kwa hiyo upitie mara kwa mara na ukate vinavyoning'inia nje. Kwa sisi wa pwani kuizika kuna faida nyingine: udongo wake haukauki haraka kama wa ndoo iliyokaa juu ya saruji, na mnanaa hauvumilii ukavu. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na uchague mahali penye kivuli cha mchana.

Mbegu achana nazo. Peremende, aina mojawapo ya mnanaa, ni chotara na haizai mbegu za kutegemewa. Aina nyingine nazo mara nyingi hutoa miche isiyofanana na mama yake. Nunua fungu la nanaa mbichi sokoni, chagua vijiti vyenye afya, toa majani ya chini, vitie kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili mizizi imeshatoka.

Vuna bila huruma, hasa kabla haujatoa maua, maana ukishachanua ladha hupungua. Kila mwaka toa bonge lote kwenye ndoo. Katikati huwa pamezeeka, basi rudisha vipande vichanga vya pembeni kwenye udongo mpya. Ukiona vidoa vya rangi ya chungwa chini ya majani, huo ni ugonjwa wa kutu: kata mmea mpaka chini na uchome ulivyokata.

Na kama mnanaa umeshatoroka ndooni? Ngoja mvua ilainishe ardhi, kisha tumia uma wa bustani. Inua udongo taratibu, fuata kishina kwa mkono mpaka mwisho wake, kitoke kizima. Rudi kila wiki kung'oa vichipukizi vilivyobaki; visipopata nafasi ya kutoa majani, huchoka. Dawa ya kuua magugu sikushauri kabisa penye mboga za kula. Ulivyong'oa usivitupe vibichi kwenye mboji, vitaota humo humo. Vianike juani juu ya bati mpaka vivunjike ukivikunja, ndipo uvitie.