Kiatu kifuate mguu: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wenye miguu inayouma kweli. Nayajibu kama fundi wa viatu tiba; panapohitaji daktari nimesema.

Mimi ni nesi, nasimama zamu nzima. Asubuhi nikikanyaga chini kisigino kinachoma vibaya, nikitembea kidogo kinapoa. Ninunue kiatu laini zaidi? (Dodoma)

Dada, ulaini peke yake hautoshi. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Kusimama sana huuchokoza pale unaposhikana na mfupa. Usiku hukaza, na hatua ya kwanza ya asubuhi huuvuta ghafla. Kiatu chako kipunguze mvuto huo. Karakanani tunainua kisigino kidogo, kama sentimita 1, tunajaza upinde wa unyayo ili uzito usikiangukie kisigino peke yake, na ukuta wa nyuma tunaufanya mgumu ili kisiyumbe. Dukani, shika kiatu mbele na nyuma ukikunje. Kikikunjika penye vidole, kinafaa. Kikikunjika katikati, au ukiweza kukikamua kama nguo iliyofuliwa, kiache hapo hapo. Ndala bapa usizivae hata nyumbani kwa sasa, na kabla hujashuka kitandani vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mara kadhaa. Wengi hupona, ila huchukua miezi.

Nina kinundu pembeni ya kidole gumba. Kuna kiatu cha kukirudisha? (Mombasa)

Hakuna, mama. Mfupa uliokwisha kupinda haunyooshwi na kiatu, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakula pesa yako bure. Kiatu kizuri kinaondoa msuguano, na sehemu kubwa ya maumivu hutoka hapo. Jioni, miguu ikiwa imetanuka, simama juu ya karatasi, chora mguu kwa penseli, kata, nenda na karatasi dukani. Ukiitumbukiza kiatuni ikajikunja pembeni, mguu wako nao utabanwa. Kiatu cha ngozi halisi fundi anaweza kukitanua palepale penye kinundu. Mchuchumio weka kando, maana unausukuma uzito wote mbele.

Baba ana kisukari, nyayo zina ganzi. Anang'ang'ania katambuga, anasema hazimuumizi. (Singida)

Hazimuumizi kwa sababu hasikii, na hapo ndipo hatari ilipo. Nimemwona mzee akivua kiatu na ndani kuna kifuniko cha soda alichokikanyaga kutwa bila kujua. Msumari wa katambuga ukitokeza, baba yako atagundua akiona damu. Wenye ganzi pia huchagua viatu vinavyobana, kwa kuwa cha saizi sahihi hawakihisi mguuni, kwa hiyo mpime wewe. Mtafutie kiatu kinachofunika vidole, chenye nafasi juu yake, kisicho na mshono unaochomoza ndani, cha kufunga kwa kamba, na chenye soli ya ndani nene na laini inayotoka. Siku ya kwanza avae saa moja tu. Akivua, papasa mguu kwa mgongo wa kiganja: palipo na joto zaidi panasagwa. Kila anapovaa, aingize mkono kiatuni kwanza.

Kidonda kikitokea, hata kidogo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na kama vidole vimeshapinda, kiatu cha dukani hakitamfaa. Ulizeni karakana ya viungo bandia katika hospitali kubwa wampimie chake. Mafundi wa kazi hiyo wanafundishwa hapa hapa nchini, chuo cha TATCOT, Moshi.

Mwanangu wa miaka 3 ana unyayo bapa. Nimnunulie viatu vya kunyoosha? (Nakuru)

Bado. Umri huo ni kawaida, upinde hujengeka taratibu. Msimamishe kwa ncha za vidole: ukitokea, na halalamiki maumivu, mwache acheze pekupeku mahali safi. Usipotokea, au mguu mmoja ukitofautiana na mwenzake, mpeleke akaonwe.