Muulize Daktari: Miaka minne chuoni au mitano wodini?

*Shikamoo Daktari. Nimemaliza mafunzo ya vitendo na nimefanya kazi miaka miwili kama daktari wa kawaida. Nataka ubingwa wa upasuaji. Nimepata nafasi mbili kwa mpigo: moja ya chuo kikuu, MMed, miaka minne, nyingine ni hospitali inayofundisha chini ya chuo cha wapasuaji, miaka mitano, nikiwa mwajiriwa. Wenzangu wanasema hiyo ya pili si shahada na nitakuja kujuta. Nichague ipi?*
— Daktari kijana

Marahaba, mwanangu, na hongera. Wengi huniandikia wakilia kwamba wamekosa hata nafasi moja.

Wenzako wamesema kweli nusu. MMed ni shahada ya uzamili: chuo kikuu kinakufundisha, kinakutahini, kinataka tasnifu, kisha kinakuvika joho. Njia ya pili haitoki chuo kikuu, inatoka kwa wapasuaji wenyewe. Katika ukanda wetu inasimamiwa na COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999. Huna haja ya kutafuta jengo lake la mihadhara, maana darasa ni hospitali uliyomo. Kwa upasuaji wa jumla unafanya kazi miaka miwili chini ya mabingwa, unakalia mtihani wa uanachama, MCS, halafu unaongeza mitatu na kukalia wa mwisho, FCS. Si njia ya mkato. Hesabu mwenyewe, ndiyo ndefu kuliko hiyo ya kwanza.

Kabla ya yote nenda kwenye baraza la madaktari unakokusudia kufanya kazi, uliza kwa maandishi kama sifa zote mbili zinaandikishwa kuwa za daktari bingwa. Majibu ya mdomo usiyachukue. Pili, jiulize kama unataka kuja kufundisha chuo kikuu. Vyuo hupandisha watu vyeo kwa shahada na machapisho, kwa hiyo ukiota uprofesa, MMed itakurahisishia. Wapo wanaochukua vyote viwili, na sijamsikia hata mmoja akijuta.

Lakini kama ungekuwa mwanangu wa kuzaa, nisingekuuliza habari za cheti kwanza. Ningekutuma kwenye hizo hospitali mbili, ukamtafute rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa tatu, umwombe kwa adabu akuonyeshe logibuku yake, daftari la kila upasuaji alioshiriki.

Isome taratibu. Kila mstari una tarehe, aina ya upasuaji, na safu ya mwisho inayosema yeye alikuwa nani siku hiyo: alitazama tu, alisaidia, alifanya mwenyewe huku bingwa amenawa na kusimama mbele yake, alifanya mwenyewe huku bingwa yuko jirani, au alifanya peke yake. Hiyo safu ya mwisho ndiyo shule yenyewe. Mwaka wa kwanza ijae "alisaidia", sawa, hakuna ubaya. Mwaka wa tatu ikiwa bado ni "alisaidia" ukurasa hadi ukurasa, funga kitabu, shukuru, ondoka. Na ukikuta "peke yake" imeanza mapema mno, napo ondoka. Hapo mabingwa hawapo, na anayelipia ada ya masomo yako ni mgonjwa.

Nalijua hili kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza wa ubingwa niliumaliza nikiwa nimeshika vyuma vya kupanulia jeraha. Mkono unakufa ganzi, pua inakuwasha, huruhusiwi kuikuna, na unachokiona ni kisogo cha mkubwa wako. Desemba nilikaa kitandani na logibuku yangu nikahesabu: mistari 112. Niliyoshika kisu mwenyewe ilikuwa 9, na 6 kati ya hiyo yalikuwa majipu. Tulikuwa marezidenti 14 kwa mabingwa 3. Hakuna aliyetunyima kazi kwa roho mbaya, foleni tu ilikuwa ndefu. Hivyo uliza na hilo: mko wangapi, kwa mabingwa wangapi?

Ukienda MMed, neno moja juu ya tasnifu, kwa sababu nimewaona watu hodari wakikwama hapo na si kwenye mtihani. Chagua swali dogo, juu ya ugonjwa unaouona wodini kila wiki. Ugonjwa adimu unapendeza kwenye kichwa cha habari, lakini utangoja wagonjwa 60 mpaka uote mvi. Pendekezo liwasilishwe mwaka wa kwanza, maana kibali cha kamati ya maadili hakitoki kwa siku mbili.

Unataka nikuchagulie? Logibuku zikilingana, chukua MMed. Zisipolingana, fuata logibuku.

*Daktari, mimi si mtu wa tiba. Mume wangu anasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Anatoka alfajiri, anarudi kesho yake jioni, anasinzia na kijiko mkononi. Nikiuliza anasema ndivyo mafunzo yalivyo. Ndivyo yalivyo kweli, au kuna jambo ananificha?*
— Mke wa rezidenti

Dada yangu, hakuna anachokuficha. Hilo jina la rezidenti maana yake ni mkaazi. Mwaka 1889 hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa kule Baltimore, na mpasuaji William Halsted akaweka utaratibu wa vijana kujifunza kwa kukaa humo humo hospitalini, miaka kadhaa, wakipewa madaraka kidogo kidogo. Utaratibu ulizaa wapasuaji wa kuogopwa, na dunia ikauiga. Kinachosimuliwa kwa sauti ya chini ni kwamba Halsted mwenyewe alikuwa mtumwa wa kokeini, kisha mofini. Tulirithi saa za kazi za mtu ambaye hakuwa na kipimo cha kawaida cha kuchoka.

Mambo yalianza kubadilika baada ya binti wa miaka 18 kufariki hospitalini New York mwaka 1984, akiwa mikononi mwa madaktari waliokuwa mafunzoni na zamu ndefu. Mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, na si zaidi ya 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikaenea kwenye mafunzo ya ubingwa Marekani nzima. Ulaya wako chini zaidi, wastani wa saa 48. Na wapo wapasuaji wanaolalamika kwamba 48 hazitoshi kujifunza kazi ya mikono. Siwacheki, hoja yao ina uzito. Ila daktari aliyekesha huandika dozi mara kumi ya inayotakiwa na mwandiko ukabaki mzuri, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu. Nesi ndiye aliyelidaka.

Kwa hiyo usimlaumu, wala usikae kimya. Mwulize ratiba ya zamu imeandikwa na nani, na kama mkuu wa mafunzo anaijua. Marezidenti wakienda kundi husikilizwa kuliko akienda mmoja, kwa sababu mmoja ataonekana mvivu. Na akitoka zamu asiendeshe gari. Hilo litilie mkazo hata kama atanuna.

*Kwenye mlango wa daktari mmoja pameandikwa MRCP. Je, huyo ni bingwa?*
— Msomaji

Si lazima. MRCP ni mtihani wa Uingereza wa madaktari wa magonjwa ya ndani, wa sehemu tatu, mbili za maandishi na moja mbele ya wagonjwa, na ni mgumu, usimdharau aliyeufaulu. Lakini kwao wenyewe ni lango la kuingilia kwenye mafunzo ya ubingwa, ambayo huendelea miaka kadhaa baada ya hapo. Jina la bingwa lipo kwenye rejista ya baraza la madaktari. Tafuta huko, mlango hauna mhariri.

*Daktari, nimeanguka mara ya pili kwenye mtihani wa vitendo wa mwisho. Maandishi nafaulu vizuri. Naamini watahini wananionea. Nikate rufaa?*
— Niliyechoka

Pole sana. Rufaa ni haki yako kama utaratibu ulikiukwa, na muda wake huwa mfupi, kwa hiyo soma kanuni leo. Kuonewa kulikuwa rahisi zamani, mtu alipopewa mgonjwa mmoja na wazee wawili, hatima yake ikaishia kwao. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake walichapisha mtihani wa vituo: kengele inalia, unahama, mtahini mwingine, kazi nyingine. Ukianguka kwa watahini wengi waliojaza karatasi mbalimbali, na mara mbili, mimi ningeangalia mikono yangu kwanza.

Nimekaa upande ule wa meza. Nikueleze ninachokiona. Mtahiniwa anaambiwa achunguze tumbo. Anafika, anatusalimu sisi, mgonjwa hamsalimu. Anainama akiwa amesimama, mkono unashuka kama wa mtu anayebonyeza godoro dukani, ubaridi unamshtua mgonjwa, misuli inakaza. Na muda wote macho yake yako kwenye kiganja chake mwenyewe. Mgonjwa amekunja uso, amevuta pumzi kwa meno, yeye hajaona. Kisha anageuka na kutueleza sababu kumi na mbili za ini kuvimba, kwa ufasaha kabisa. Tumeshamwandikia alama.

Wewe unajua vitabu, kwa hiyo viweke kando miezi miwili. Kila siku mgonjwa mmoja aliyekubali, mwenzako mmoja wa kutazama, dakika saba kwenye saa. Salimu, omba ruhusa, pasha mikono joto, uliza panapouma na uanzie mbali na hapo. Shuka mpaka mkono wako ulale sambamba na tumbo, hata ikibidi kupiga goti. Tazama uso. Mwenzako asikusahihishe katikati. Mwishoni akueleze jambo moja tu, si kumi, na kesho ulirekebishe hilo.

Ukishindwa kumpata mwenzako, mpe simu mtu yeyote akurekodi mikono, ruhusa ya mgonjwa ikiwepo na sura yake isionekane. Mara ya kwanza kujitazama utaona aibu. Mimi niliifuta yangu kabla haijaisha.