Donne wa mapenzi na Donne wa kanisani ni yule yule
Hapana ndugu, hapo unaposema yule mshairi Mwingereza John Donne aliacha mambo ya mapenzi alipopata upadri 1615 mi nakataa, kubembeleza kwake ni kule kule. Cheki shairi lake The Canonization, wapenzi wawili wa kitandani wanageuzwa watakatifu kabisa, watu wawaombe, afu nenda shairi lake la dini Batter my heart uone anavyomlilia Mungu ampige, amfunge, amwingilie kwa nguvu ndo awe safi, yaani lugha ya chumbani katikati ya sala! Na hakuwa anabuni tu, alimuoa Anne More kwa siri 1601, akatupwa jela, kazi ikaota mbawa. Anne alipofariki 1617 akamwandikia soneti (shairi la mistari 14) anasema kumpenda yeye ndo kulimtia hamu ya kumtafuta Mungu.